Fundi Anajibu: "Ipsum hii imeingia juzi kutoka Japani"

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bombo. Nyumbani tuko saba: mimi na mume wangu, watoto wanne (mkubwa ana miaka 13, kitinda mimba ana 4), na mama mkwe anayesumbuliwa na magoti. Kila Idd tunapanda basi kwenda kwa wazee Arua, na safari hiyo sasa mama haiwezi tena. Tumeweka akiba tununue gari la siti saba. Dalali mmoja wa Kampala ametuonyesha Toyota Ipsum nyeupe, "nyu modeli", akasema imeingia juzi kutoka Japani na haijakanyaga barabara ya Uganda. Mume wangu anaitaka kwa sababu kila fundi anaijua. Shemeji yangu anasema tuchukue Toyota Wish, hainywi mafuta. Wamebishana mwezi mzima. Tusaidie.
Mwalimu, Bombo

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mume wako na shemeji yako wana hoja, wote wawili, na nitawafikia. Lakini kwanza tumalizane na huyo dalali, maana hapo ndipo akiba yenu inaweza kuzama.

Ipsum ya mwisho ilitengenezwa Japani Desemba 2009. Mwaka 2018 Bunge letu lilirekebisha sheria ya usalama barabarani, na gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe likapigwa marufuku kuingizwa nchini. Wewe ni mwalimu, piga hesabu: 2009 jumlisha 15 ni 2024. Ina maana hata ile Ipsum changa kuliko zote mlango wake wa kuingia Uganda ulishafungwa. Ya mwaka 2003 mlango ulifungwa mwaka uleule wa sheria. Kwa hiyo gari hilo jeupe halijaingia juzi. Limeoshwa juzi.

Nenda tena ukaliangalie, safari hii bila dalali kukuharakisha. Vuta mkanda wa siti ya mbele mpaka mwisho, chini kabisa utaona kitambaa kidogo kilichoshonwa, kina tarehe ya kutengenezwa mkanda wenyewe. Huwa kinakaribiana na mwaka wa gari. Kisha fungua boneti, tafuta kibati cha chuma chenye namba ya chesisi. Ipsum ya "nyu modeli", yaani toleo la pili, inaanza na ACM21, na ile inayovuta magurudumu yote manne ni ACM26. Linganisha namba hiyo na iliyoandikwa kwenye logibuku (kitabu cha umiliki wa gari), tarakimu kwa tarakimu. Halafu tazama raba za pedali. Gari linalosemwa limetembea kilomita 70,000 haliwezi kuwa na pedali ya breki iliyolika mpaka chuma kinang'aa. Hiyo pedali imekanyagwa na dereva wa kukodisha, asubuhi mpaka usiku, Wandegeya, Kawempe, Matugga na kurudi.

Ninayasema haya kwa uchungu kwa sababu naipenda Ipsum na sitaki mtu aichukie kwa kosa la aliyemdanganya. Ni gari zuri. Ila kwa sasa ukinunua Ipsum unanunua gari la Mganda mwenzako, si gari la Mjapani. Cha kuuliza si limetoka bandari gani. Uliza nani alilimiliki hapa, alibadilisha oili kila baada ya muda gani, na lilikuwa likibeba nini.

Sasa tulijue lilivyozaliwa, maana ukijua hilo ugomvi wa mume wako na shemeji yako utauelewa vizuri zaidi.

Marehemu baba yangu aliendesha Peugeot 504 ya siti saba kati ya Busia na Kampala. Mimi nilikulia chini ya gari hilo, nikimshikia taa na spana. Siku zile siti saba maana yake ilikuwa gari refu la kawaida lililoongezwa benchi la tatu nyuma, na mtu mzima aliyeketi huko alifika Iganga magoti yamegusa kidevu. Wajapani walilipa swali hilo jibu jingine: badala ya kurefusha gari, waliinua paa na kuwakalisha watu wima. Nissan Prairie ya 1982 na Mitsubishi Chariot ya 1983 ni miongoni mwa magari ya kwanza ya namna hiyo. Novemba 1983 Chrysler wa Marekani wakaanza kutengeneza minivani zao, na 1984 Renault wa Ufaransa wakatoa Espace. Hayo mawili yalikuwa makubwa kidogo kwa vichochoro vya Tokyo.

Gari lililogeuza soko la Japani ni Honda Odyssey ya Oktoba 1994. Honda hawakuwa na mtambo wa kuunda gari refu la kwenda juu, hivyo wakalazimika kuliunda kwenye mstari uleule wa Accord. Ndiyo maana paa lake liko chini na milango yake minne ni ya kufungua kama ya gari dogo la kawaida. Ule upungufu ukawa ndio uzuri wake: lilibeba familia, lakini lilishika barabara kama gari dogo. Watu wakalikimbilia. Toyota wakaona, na Mei 1996 wakaleta Ipsum, wazo hilohilo kwenye mwili mdogo zaidi. Jina ni la Kilatini, maana yake "lenyewe hasa". Ulaya waliliita Picnic.

Hiyo ndiyo tunayoiita "oldi modeli", SXM10. Urefu wake mita 4.53, upana mita 1.695. Vipimo hivyo havikuja kwa bahati. Kule Japani gari la petroli likizidi urefu wa mita 4.7, au upana wa mita 1.7, au injini ya lita 2, linahesabiwa daraja la magari makubwa. Ipsum ya kwanza ilikaa ndani ya mstari huo kwa sentimita nusu tu, ikiwa na injini ya lita 2, ile 3S-FE ambayo fundi yeyote wa soko la spea la Kisekka, Kampala, anaifungua bila kuuliza. Kulikuwa na ya dizeli pia, 3C-TE ya lita 2.2. Ya kwanza kuingia gereji yangu hapa Jinja ilikuwa ya padri mmoja, fimbo ya gia kwenye usukani, na vijana wangu wote wakasimama kuitazama. Alikuwa akibeba wanakwaya.

Mei 2001 ikaja ya pili, na hapa ndipo Toyota walipobadili nia. Waliipanua ikafika mita 1.76, wakaipa injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4. Ikawa gari la kifahari zaidi, siti pana, kimya barabarani. Lakini ilivuka ule mstari wa daraja. Familia ya Kijapani iliyotaka gari dogo la siti saba ikabaki haina Ipsum ya kununua. Angalia pia hilo neno "nyu modeli", Mwalimu. Upya wake ni wa 2001. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana umri wa kufundisha shuleni kwako.

Nafasi ile iliyoachwa wazi Honda walikuwa wameshaikalia. Oktoba 2000 walitoa Stream, urefu mita 4.55, upana mita 1.695. Toyota wakajibu Januari 2003 kwa Wish, na ukipima Wish unakuta mita 4.55 kwa mita 1.695, urefu na upana uleule. Sijawahi kuona kampuni ikimlenga mwenzake waziwazi kiasi hicho. Injini ya kawaida ya Wish ni 1ZZ-FE ya lita 1.8, na gia za otomatiki nne. Ipo pia ya lita 2 yenye 1AZ-FSE, ile tunayoiita D4, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Wish ya pili ilikuja Aprili 2009, chesisi ZGE20, ikaendelea mpaka 2017. Honda walijibu mapigo kwa Stream ya pili ya 2006, waliishusha paa mpaka mita 1.545 ili iingie kwenye maegesho ya ghorofa ya kule kwao, lakini ikafa 2014.

Kwa nini yote yamekufa? Wanunuzi wa Japani walihamia kwenye magari marefu ya kwenda juu yenye milango ya kuteleza, kama Noah na Serena, na waliotaka kuokoa mafuta wakaenda kwenye haibridi, magari ya petroli na umeme pamoja. Prius ya siti saba ilitoka 2011. Gari la siti saba lenye paa la chini likakosa mwenyewe kule, na yale yaliyokwisha kutumika yakaja kwetu, kwa kuwa sisi tunaendesha upande uleule na usukani wao uko upande tunaoutaka.

Basi, mume na shemeji. Mume wako anasema kila fundi anaijua Ipsum. Ni kweli, na spea zimejaa. Shemeji anasema Wish hainywi. Ni kweli pia: lita 1.8 na lita 2.4 haziwezi kunywa sawa, hasa kwenye foleni ya asubuhi. Lakini wote wawili wamesahau abiria mmoja, naye ndiye sababu ya kununua gari. Mama mkwe.

Mpeleke mama dukani au gerejini, umwombe aingie siti ya pili ya Wish. Mlango unafunguka nje, si kwa upana mkubwa, na lazima ainame, azungushe goti, avute mguu. Siti ya tatu usimwambie hata ajaribu. Ile ni ya watoto, na mtoto wako wa miaka 13 baada ya miaka miwili ataikataa. Ipsum ni afadhali kwa upana, lakini mlango wake ni wa aina ileile. Mama mnaweza kumkalisha mbele, ndiyo, na ndivyo wengi wanavyofanya. Basi wewe utaketi wapi kutoka Bombo mpaka Karuma, na kutoka Karuma mpaka Pakwach na Arua? Nyuma, umebanwa katikati ya watoto?

Ningekuwa mimi ningetazama gari la tatu: Toyota Isis. Lilitoka Septemba 2004 kushika nafasi ya Toyota Gaia, likaundwa mpaka Desemba 2017. Ni la ukoo mmoja na Wish, siti saba, lakini milango ya nyuma inateleza, na upande wa kushoto hakuna nguzo ya katikati. Nguzo imefichwa ndani ya milango yenyewe. Ukifungua mlango wa mbele na wa nyuma pamoja, ubavu mzima unabaki wazi kama ukumbi. Na kushoto ndiko pembeni mwa barabara, kwao na kwetu, kwa hiyo mama anashukia upande salama. Ataketi kwanza, kisha atageuza miguu yote miwili kwa pamoja kuiingiza ndani. Mtu mwenye magoti anajua hiyo ni neema gani. Nina mteja hapa Jinja alimnunulia mama yake gari hilo baada ya kiharusi, na siku ya kwanza yule bibi aliingia mwenyewe bila kushikwa. Tulisimama pale gereji tukanyamaza.

Kasoro zake nakuambia wazi. Roli za milango ya kuteleza zinachakaa na vumbi letu, na spea za milango hiyo utazitafuta zaidi kuliko za Ipsum. Epuka yenye D4. Chagua ya lita 1.8, au zile za kuanzia mwishoni mwa 2009 zenye injini za 2ZR au 3ZR. Zile za karibuni zaidi, ambazo hazijatimiza miaka 15, bado umri wake unaruhusu kuingizwa, kwa hiyo hapo dalali akikuambia imetoka Japani inawezekana kweli, mwulize karatasi.

Mkishindwa bei na mkarudi kwenye Ipsum, sitawalaumu. Nendeni asubuhi mapema injini ikiwa baridi, na mshike boneti kwa kiganja muone haijawashwa kabla yenu. Chomoeni dipstiki. Oili iliyo chini ya alama kwenye gari linalouzwa ni ushahidi mbaya, maana muuzaji ameliandaa na bado imeshuka. Fungueni rejeta ikiwa baridi mtazame maji yake. Mtu achuchumae nyuma atazame chini, sampu na fremu, kama kuna alama za kuchomelea. Halafu kitu ambacho hakuna dalali anakionyesha: vuteni mikanda yote saba, mmoja mmoja, kwa ghafla, muone kama unakamata. Ile ya siti ya tatu mara nyingi imezama chini ya siti au imekatwa, na huko ndiko mtakakoweka watoto.

Safari ya Arua mkiwa saba, buti haipo. Siti ya tatu ikisimama kinachobaki nyuma ni nafasi ya mabegi mawili madogo, iwe Ipsum, Wish au Isis. Wekeni keria juu ya paa, mizigo myepesi tu, magunia ya mihogo na mtama yarudi kwa basi. Shokapu za nyuma zikaguliwe kabla ya Idd, si baada ya Idd.

SWALI: Mzee, ninayo Ipsum ACM21 ya tangu 2015. Siku hizi inakula oili, naongeza lita nzima kila wiki mbili, na haivuji popote. Kijana mmoja ananiambia nitie oili nzito ya lori itaacha. Nifanye?
Dereva, Mbarara

JIBU: Usitie oili ya lori, ndugu yangu. Njia za oili kwenye 2AZ ni nyembamba, na asubuhi baridi ya Mbarara hiyo nzito itachelewa kufika juu kwenye kamshafti. Kinachotokea ni kwamba ringi za oili kwenye pistoni zimeshikwa na masizi, vitundu vyake vimeziba, oili inapanda na kuungua. Moshi huuoni sana kwa sababu inaungua kidogokidogo ukiwa mwendoni. Mwombe dereva mwenzako akufuate nyuma kwenye mteremko: ukiachia mafuta kisha ukanyage tena ghafla, atauona wa samawati.

Anza na kitu rahisi, vali ya kupumulia ya injini. Ikiziba inasukuma oili, na bei yake ni ndogo. Ikiwa si hiyo, ni kushusha injini na kubadilisha ringi, hakuna dawa ya chupa. Wakati unakusanya pesa, pima oili kila Jumatatu. Injini yako inachukua karibu lita 4 tu, ukipoteza 2 bila kujua umemaliza injini. Taa nyekundu ya oili ikiwaka usiseme utafika Lyantonde. Zima hapohapo.

Na maji je? Hukuniambia. Kama nayo yanapungua, mwambie fundi akague bolti za silinda hedi upande wa nyuma kabla ya kununua gasketi. Kwenye injini hizi nyuzi za bolti hung'oka kwenye bloku, na gasketi mpya juu ya nyuzi zilizokufa ni pesa ya kutupa.

SWALI: Fundi, nimerithi Gaia ya 1999 kutoka kwa marehemu baba. Spea za Ipsum zinaingia? Na nimeambiwa taimingi belti ikikatika injini inakufa, nimeogopa kuiendesha.
Msomaji, Tororo

JIBU: Pole kwa msiba, mwanangu. Gaia na Ipsum ya kwanza ni ndugu wa tumbo moja, hata chesisi zote zinaandikwa SXM10. Breki, bushi za chini, maunti na injini ya 3S-FE vinaingiliana. Bodi, taa na vioo haviingiliani.

Belti ikikatika kwenye 3S-FE gari linazimika tu, vali na pistoni hazigongani. Lakini linaweza kuzimika kwenye daraja la Malaba mbele ya trela, kwa hiyo ogopa hilo. Hudumu kilomita 100,000, na kwa kuwa hujui baba aliibadilisha lini, hesabu kwamba hakuibadilisha. Nunua belti, tenshona inayoikaza na pampu ya maji kwa pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile. Tazama kifuniko cha belti kabla hujakifungua, na upande wake wa ndani ukishakifungua: sisi mafundi wa zamani huandika pale kwa kalamu ya rangi kilomita za siku tuliyoibadilisha. Kama baba alikuwa na fundi mzuri, namba utaikuta.